Kituo cha Nne ni Mlango Wangu

Kila Jumamosi saa nane mchana watu waliovaa kofia za namna moja husimama mbele ya nyumba yangu. Natokea, nawatazama, nasema, "Enda. Leo hakuna," halafu nawabamizia mlango usoni. Wanapiga makofi. Kisha naufungua tena na kuwapakulia bukari, ugali wetu.

Sijarukwa na akili. Ni kazi niliyopewa na Guelor, mtoto wa mdogo wangu Falonne. Guelor alisoma mambo ya vitabu kule chuo kikuu, Kasapa, akamaliza na diploma yake nzuri, akakaa miaka mitatu nyumbani kwa mama yake akiitazama. Mwishowe akajitungia kazi. Anatembeza watu kwa miguu hapa Naviundu: watu wa mjini, Wazungu wa migodini, wanafunzi, Wakongomani wa Ulaya waliokuja likizo. Kila anaposimamisha msafara, wanakula au wanakunywa kitu alichokula au kunywa mwandishi Ruphin Tshimpaka alipokuwa mtoto wa mtaa huu. Zile kofia zina sura ya mwandishi.

Kituo cha kwanza ni darajani, munkoyo ya Mama Katongo, kinywaji chetu cha mahindi na mizizi. Cha pili ni chikanda, ile ya viazi vya porini na karanga, ambayo wageni huidhania nyama. Cha tatu ni lutuku, pombe kali ya mzee Zéphirin. Huyo Zéphirin alihamia Naviundu mwaka wa elfu mbili na tatu, lakini kila Jumamosi anakumbuka jinsi baba yake Ruphin alivyokuwa akija kunywa kwake zamani. Anakumbuka hadi rangi ya shati. Kituo cha nne ni mimi.

Nianze na yaliyo kitabuni, maana huko ndiko kila mtu anakoanzia. Kitabuni kuna mtoto wa miaka kumi na moja, hana mama, baba yake yuko safarini na treni, na tumbo lake halijaona kitu tangu juzi. Anachukua sahani yake ya bati, anakwenda kubisha kwa jirani, mwanamke mnene anayeitwa Mama Madeleine. Hata jina hakulibadilisha. Ndani kunanukia samaki. Mwanamke anafungua, anamtazama mtoto na sahani yake, anasema leo hakuna, anafunga. Mtoto anabisha hadi mkono unamuuma. Kurasa kumi na saba kwa mlango mmoja. Kitabu kilipata zawadi huko Ulaya, kikafasiriwa, kikaingia mashuleni, na watoto wa Lubumbashi wakazikariri zile kurasa kwa moyo. Na mimi sikuwa mnene.

Mtaani nikawa Mama Mulango. Hapo mwanzo walilisema nikishapita, baadaye wakalisema nikiwapo. Kwenye kikundi cha akina mama wa kanisa, ikifika zamu yangu ya kupika, kuna waliokuwa wakinitania kwamba leo tule nyumbani kabisa kabla ya kuja. Nilicheka nao, ningefanyaje. Lakini mwaka juzi mjukuu wangu Kiki alirudi kutoka shule, akaisukuma sahani yake, akaniuliza kama ni kweli nilimnyima chakula mtoto yatima. Nilimjibu ale. Usiku ule sikulala, nikawaza kwamba nitakufa na jina hili na huyu mtoto atalibeba.

Ndiyo maana Guelor alipokuja na mambo yake ya vituo, sikumfukuza kama alivyostahili. Alikaa kwenye kiti cha marehemu mume wangu, akasema, "Mama mukubwa, ule muntu wa kitabu siku moja atakuya yeye mwenyewe. Tour kama hii, ni lazima akuye kuiona. Na akifika, atafikia kwako."

Nikakubali. Nikaufunga mlango Jumamosi baada ya Jumamosi, nikimsubiri.

Sasa nieleze yasiyo kitabuni. Yule mtoto nilimlisha miaka miwili. Mama yake alikufa kwa uzazi, na baba yake, mtu wa reli, alikuwa akiondoka na treni kuelekea Ilebo anarudi baada ya wiki tatu au nne. Walikuwa watu wa Kasai, wapole, watu wa sala na madaftari. Baba alimwachia mtoto ufunguo wa nyumba, na sidhani kama aliwahi kujiuliza huo ufunguo unalika vipi. Kila alasiri saa kumi Ruphin alifika na sahani yake, akakaa na mwanangu Chileshe, wakala. Alikuwa mwepesi wa kula na mzito wa kusema asante. Sikujali, watoto ni watoto.

Mwezi wa tano mwaka wa tisini na moja, binti yangu Abigaël, wa miezi mitano, alishikwa na homa Jumatano jioni. Alhamisi saa sita mchana akanifia mikononi. Bwalya, mume wangu, alikuwa na lori lake Kasomeno, springi imekatika, anasubiri kipuri. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye kilio ni mjomba. Kabla mjomba hajafika, hulii kwa sauti, maana utakuwa umewaambia majirani kabla ya mwenyewe. Nikamtuma Falonne, wakati huo msichana wa miaka kumi na minne, akimbie Katuba kumwita kaka yangu Nkandu, na amchukue Chileshe. Nikabaki peke yangu na Abigaël amelala kwenye kikwembe, kitenge changu.

Moto nikauzima. Ndivyo tulivyolelewa: kifo kikiingia nyumbani, moto wa nyumba hiyo unazimwa, majivu yanatupwa, na mama mfiwa hagusi chungu wala chumvi mpaka wazee waje kuwasha moto mpya. Chakula kitakachotoka mkononi mwake kabla ya hapo, mtoto wa watu akikila atakohoa mpaka afe. Mnaweza kucheka. Mimi siku ile nilikuwa nimetoka kumpoteza mmoja, sikuwa na hamu ya kujaribu kwa wa pili.

Na hapo ndipo Ruphin alipobisha. Nilifungua kwa sababu nilidhani ni Nkandu. Alisimama na sahani yake, na juu ya meza nyuma yangu kulikuwa na bukari ya asubuhi iliyofunikwa, akaiona. Ningemwambia nini? Kwamba nyuma ya pazia kuna maiti? Kifo hakitangazwi kwa mtoto wa jirani kabla ya mjomba kujua. Wanasema mwenye njaa hana miiko. Mwenye msiba anayo, tena mingi. Nikasema, "Enda. Leo hakuna," nikafunga. Alibisha tena, na tena. Nilikuwa nimekaa chini upande wa ndani, nimejiziba mdomo kwa kikwembe ili sauti isitoke.

Nkandu alifika jioni, tukalia. Siku tatu nilikuwa sakafuni, kichwa kimefunikwa, sijui nani ameingia wala nani ametoka. Kabla sijawa mtu tena, baba yake Ruphin akahamishiwa Kamina na mtoto akaenda naye. Sikumwona tena kwa miaka thelathini na minne.

Kwa hiyo kitabu kilipotoka, mimi nilimtetea. Nilisema alikuwa mtoto, tena mtoto wa Kasai, miiko yetu angeijulia wapi? Na ile harufu ya samaki, moto ukiwa umezimwa, nilisema ni njaa tu iliyomnusisha. Nilimtetea mbele ya akina mama wa kanisa. Nilimtetea mbele ya Bwalya, ambaye hadi anaingia kaburini alitaka twende mahakamani. Kitu nilichokitaka kilikuwa kimoja: siku atakaporudi nimweleze, naye aseme kwa kinywa chake, mbele ya watu, kwamba Mama Madeleine hakumnyima.

Jumatano ya mwezi uliopita Guelor alikuja mbio hadi jasho linamtiririka. "Mama mukubwa, iko anakuya samedi. Ruphin. Alialikwa mu muji kwa mambo ya bitabu, na amesema atatembea tour yote na miguu yake."

"Yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe."

Alhamisi niliagiza samaki wa Kasenga, wale wa kukaushwa kwa moshi. Ijumaa nikatwanga sombe, majani ya muhogo, mara mbili. Jumamosi nikavaa kikwembe nilichokuwa nakiweka kwa ajili ya Pasaka, nikashuka hadi darajani ili nimwone kabla hajaniona.

Alikuwa mtu wa miaka arobaini na mitano, mwembamba, na viatu vyeupe kwenye vumbi letu jekundu. Nilimtafuta yule mtoto usoni mwake, nikampata kwenye masikio. Watu kumi na sita wenye sura yake kichwani walimzunguka na simu zao. Mama Katongo alimpa munkoyo kwa magoti yote mawili. Akanywa, akafumba macho, akasema kwa Kifaransa kwamba ladha hii ndiyo mama yake. Mama Katongo tangu mizizi iadimike anatia sukari na hamira, mtaa mzima unajua. Nilijiambia kwamba ulimi unasahau.

Niliwafuata kwa nyuma. Kwenye chikanda alikula vipande viwili na kuwaeleza wageni jinsi wanawake wanavyochimba vile viazi porini, na alieleza vizuri kuliko wachimbaji wenyewe. Kwa Zéphirin nilisogea karibu. Zéphirin akaanza wimbo wake wa kila Jumamosi. "Baba yako, eh, alikuwaka anakaa pale pale. Na chemise yake ya bleu. Anakunywa moja, anasema, Zéphirin, tia ingine."

Baba yake Ruphin hakuwahi kuonja lutuku. Alikuwa mtu wa sala, alikuwa akivuka barabara akiona chupa. Nikangoja Ruphin acheke. Hakucheka. Alimshika mzee mikono yote miwili, macho yamelowa, akasema, "Ndiyo, papa. Ile chemise ya bleu. Ilikuwa na kifungo moja imekatika." Wageni wakapiga picha. Mimi nikajiambia ni heshima tu, hutaki kumwumbua mzee mbele za watu.

Nikakata njia ya nyuma ya kisima ili niwatangulie. Guelor akanikimbilia. "Mama mukubwa, leo ufunge muzuri. Usicheke. Yeye atasimama pale mbele na sahani, nimeisha kumupangia."

"Leo sifungi, Guelor."

"Mais, Mama mukubwa. Bantu balikuya ju ya ule mulango."

"Bataukuta wazi."

Waliukuta wazi. Nilisimama kizingitini, nao hawakujua wafanye nini na simu walizokwisha kuziinua. Ruphin akatoka katikati yao, akanishika mikono. "Mama Madeleine," alisema. Sauti ilitetemeka, na nasema kweli, moyo wangu ulifunguka. Nilimwambia, "Karibu, baba. Kuya ukule."

Guelor akawashughulisha wageni kunawa mikono. Mimi nikampeleka Ruphin ua wa nyuma, kwenye mbabula, jiko langu la makaa, ambapo samaki alikuwa akichemka. Sikutaka kupoteza wakati. Nilikuwa nimeyapanga maneno miaka mingi na sasa yalinitoka yamechanganyika.

"Ruphin, ile siku ya mulango. Mule mu nyumba mulikuwa mutoto amekufa. Abigaël wangu. Moto nilikuwa nimezima. Kama ningekupa chakula, na weye ungekufa. Haukujua, ulikuwa mutoto, sikukasirikie. Lakini sasa unajua."

Alikuwa akiutazama mvuke wa sufuria. "Nilijua, Mama."

Nilidhani hakunisikia. "Ulijua nini?"

"Mambo ya mutoto. Kesho yake nilikuya ku kilio na bamama ba avenue. Nilimuona mu kasanduku. Ba Nkandu ndio balinieleza mambo ya moto, vile mama hawezi kupana chakula. Balinipeleka kula kwa jirani. Nilijua tangu ile siku."

Samaki alianza kushika chini, nikasikia harufu, sikumgeuza. "Na ukaandika vile."

"Niliandika mara mbili, Mama. Mara ya kwanza nilitia mutoto. Bon, nikapatia bantu basome. Bote balilia ju yako weye. Hakuna hata moja alinionea huruma miye. Na njala ilikuwa ya miye. Kitabu ilikuwa ya miye." Alisema taratibu, bila ubaya, kama fundi anayekueleza kwa nini ukuta umepita hapa na si pale. "Nikatosha mutoto, nikamutoa mu kitabu."

"Na samaki? Moto haikuwaka. Harufu ya samaki ilitoka wapi?"

"Pale pa mulango palikosa kintu. Nikatia samaki."

Nimezika mtoto, nimezika mume, nimefukuzwa kazi na kuibiwa na kusingiziwa, lakini hasira ya namna ile sikuwahi kuijua. Ilinipanda kutoka miguuni. Miaka yote nilikuwa nimemsamehe mtoto asiyejua, na mtoto asiyejua hakuwapo. Alikuwapo huyu, aliyemtazama binti yangu kwenye kasanduku kake na miaka mingi baadaye akakaa mezani na kumtoa, kama unavyotoa jiwe kwenye mchele. Asante ya punda ni mateke, sawa, lakini punda hana mahesabu.

"Njo utoke pale mbele," nikamwambia. "Sasa. Mbele ya bale bantu bako. Useme na kinywa yako vile Madeleine hakukunyima."

Alirudisha macho kwenye mvuke. Nilidhani ni aibu, nikamwacha nayo. Kisha aligeuka akautazama mlango wa mbele, uliokuwa wazi, na wageni waliokaa kwenye viti vya plastiki upande wa pili, na nikaona macho yake yanachangamka kama ya mtu aliyefunuliwa sufuria ya nyama. "Vraiment, kweli," alisema. "Tena pale pale pa mulango."

Alikwenda akasimama kizingitini. Alivua kofia aliyovalishwa, akangoja hadi kijiko cha mwisho kikanyamaza. Alisema kwa Kifaransa. Nilisoma kwa masista miaka sita, hakuna lililonipita.

Alisema nilimlisha miaka miwili. Alilisema hilo kwanza, na alilisema wazi, siwezi kumnyima haki yake. Alisema siku ile nyuma ya mlango huu kulikuwa na maiti ya mtoto mchanga, na kwamba mwanamke huyu alimfukuza ili kumwokoa. Alilitaja jina, Abigaël. Majirani walikuwa wamejaa kwenye ua wa michongoma, na Kiki wangu kati yao, na wote walisikia. Nililiona lile jina langu baya linaanguka chini mbele ya macho yangu, na kwa muda mfupi nilifurahi, nakiri.

Lakini hakuishia hapo, mkono ulikuwa umeshapata ladha. Akasema nilikaa nyuma ya mlango na mtoto kifuani, na mimi nilikuwa nimemlaza. Akasema alinisikia nalia kupitia mbao. Akasema aliweka kiganja chake kidogo kwenye mlango, na kwamba anajua sasa, moyo unamwambia, kwamba na mimi nilikuwa nimeweka changu upande wa pili, mahali pale pale. Mama mmoja mwenye kofia akaanza kulia kwa sauti. Halafu Ruphin akanigeukia, akaninyooshea mkono mbele yao wote, akasema haya yote hakuyajua. Miaka thelathini na minne hakuyajua, na ameyasikia leo, sasa hivi, jikoni, kutoka kinywani mwangu, na anaomba msamaha kwa ujinga wa mtoto aliyekuwa na njaa.

Watu wote walinitazama. Guelor, Kiki, majirani, wageni na simu zao. Niliufungua mdomo. Ningesema nini? Kwamba anadanganya? Wangeuliza kipi ndicho uongo, na nikianza kuchomoa, wangeona kwamba yote yanachomoka, mlango na mtoto pamoja. Mtu mashuhuri ananisafisha jina, na mimi namwita mwongo? Wangesema kumbe alivyoandika ni kweli, mwanamke yule ana roho mbaya. Kwa hiyo nilinyamaza. Nikaupokea mkono wake. Wakapiga makofi kuliko Jumamosi zote.

Yule mama mwenye kofia alinikumbatia hadi sura ya Ruphin ikanigonga kwenye shavu. Juu ya michongoma jirani yangu, ambaye tangu kitabu kitoke si jina langu analoniita, alisema, "Pole, Mama Madeleine." Kiki aliingia uani, akakaa mkekani, akavuta sahani, akala akaimaliza. Hilo nililipata. Sitasema sikulipata.

Ruphin naye alikula. Alikula samaki mkavu aliyeshika chini, akaomba tena, akalamba vidole. Kabla gari halijamchukua aliniambia pembeni kwamba yuko na kitabu kipya kichwani, na kwamba safari hii Abigaël atakuwamo tangu ukurasa wa kwanza. Aliniambia kama mtu anayekuletea zawadi. "Safari hii bantu batalia ju yako, Mama," alisema. "Naahidi." Niliinamia sahani chafu, akadhani ni machozi.

Wageni walipoondoka nilikaa kwenye kibao na kuanza kusugua sufuria. Guelor alibaki. Alikuwa na furaha kiasi kwamba hakuweza kukaa, akawa anazunguka ua na daftari lake la kazi.

"Mama mukubwa, sasa iko lazima tuongeze. Kituo ya tano. Kaburi ya mutoto iko wapi?"

"Palijengwa manyumba."

"Ah." Alifikiri. "Alors tutafanyia hapa hapa. Weye utafunga mulango kama kawaida. Halafu bale bageni batasikia unalia ndani, kidogo tu. Batatia mukono ku mbao vile alisema. Miye nitasoma jina."

Huyu ni mtoto wa mdogo wangu. Falonne ndiye aliyekimbia hadi Katuba siku ile, miguu mitupu, kumwita mjomba. Nilimtazama nikitafuta usoni mwake mtu wa kumwambia aache, na nilichoona ni kijana aliyepata kazi baada ya miaka mitatu, na aliyeona mbele yangu kwamba nilikubali. Nani angemwambia kwamba sikukubali? Nilikuwa nimesimama pale na mkono wangu ndani ya mkono wa mwandishi.

"Kintu moja tu inabakia," alisema, na kalamu ikasimama juu ya karatasi. "Kila kituo bantu baonje kintu. Ku daraja iko munkoyo, kwa ba Zéphirin iko lutuku. Ule mutoto, Mama mukubwa, alikuwaka anakula nini?"

Niliendelea kusugua hadi chini ya sufuria ikaonekana.

"Alikuwa ananyonya," nikamwambia.

Guelor aliinua macho, akafikiri kidogo, kisha akaandika: maziwa.